Shilingi ya Waziri na maswali mengine: wasomaji wauliza kuhusu Bunge

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na Bunge, kama ilivyo kawaida bajeti inapokaribia. Tumechukua zile zinazouliza kazi inavyokwenda ndani ya ukumbi wa Dodoma. Zinazotaka tuseme mbunge yupi anafaa na yupi hafai, tumeziweka kando.

Mbunge wetu alisimama akatangaza kwamba anashika shilingi ya Waziri wa Maji mpaka apewe majibu ya visima. Makofi yakapigwa. Baada ya dakika chache akairudisha. Shilingi moja inamzuia nani? Au ni maigizo? (Msomaji, Kahama)

Si maigizo, ingawa wapo wanaoigeuza hivyo. Kuielewa shilingi hiyo, anzia ibara ya 99 ya Katiba. Bunge haliwezi kupandisha kodi wala kuongeza matumizi ya Serikali kwa matakwa yake. Pendekezo la namna hiyo sharti litoke kwa Rais na liwasilishwe na Waziri. Kupunguza, ruksa. Kwa hiyo mbunge anayeona jimbo lake limerukwa hana namna ya kusimama akasema "ongezeni bilioni mbili za visima." Mlango aliobakiziwa ni wa kupunguza, na jadi imefanya kiasi hicho kiwe shilingi moja kutoka kwenye mshahara wa Waziri.

Mahali pake ni Kamati ya Matumizi. Waziri akishahutubia, Kamati ya kisekta ikatoa maoni, wabunge wakachangia na Waziri akajibu hoja, Bunge zima hukaa kama kamati na Katibu huanza kusoma: "Fungu 49, Wizara ya Maji." Kisha kifungu 1001, cha utawala na usimamizi wa rasilimali watu. Mshahara wa Waziri umo humo, na ndiyo maana mbunge mwenye jambo la kisera hulileta hapo. Kwenye vifungu vinavyofuata huulizwa tarakimu tu: kwa nini kasma hii, yaani mstari huu wa fedha, imepanda, ile imeshuka.

Mbunge anaomba ufafanuzi. Waziri anajibu. Mbunge akiona hajaridhika, anatoa hoja ya kuondoa shilingi na kuwaomba wenzake wamuunge mkono. Wakisimama, Mwenyekiti anachukua majina ya wachache wachangie, Waziri anajibu tena, na mtoa hoja anafunga mjadala wake. Hapo anachagua: arudishe shilingi, au iamuliwe kwa kura. Akienda kwenye kura, mara nyingi anashindwa, kwa sababu chama kinachounda Serikali ndicho chenye wabunge wengi, na mawaziri wenyewe ni wabunge, wanapiga kura kama yeye. Akishinda, mfuko wa Waziri hauumii, lakini Serikali nzima imeumbuka mbele ya nchi. Ndiyo maana Waziri hukubali kutoa ahadi mapema.

Thamani ya zoezi lote iko kwenye ahadi hiyo, maana inaingia kwenye Hansard, yaani taarifa rasmi ya majadiliano. Ukitaka kujua kama mbunge wenu alishika shilingi ya kweli, soma sentensi ya mwisho ya Waziri kabla haijarudishwa. "Ndani ya mwaka huu wa fedha tutachimba visima vitano" ni kitu cha kudaiwa. "Tumelipokea, tutalifanyia kazi" ni hewa, na mbunge aliyerudisha shilingi kwa hayo ameirudisha bure.

Shilingi hizi hukwama mahali pawili. Mbunge anabeba mambo matatu kwa mpigo, Waziri anachagua kujibu lililo jepesi, na muda unakwisha. Au saa inafika kabla ya zamu yake, mafungu yaliyobaki yanapitishwa moja baada ya jingine bila maswali. Wenyewe huita gilotini, ile mashine ya zamani ya kukatia watu vichwa, na jina linafaa.

Mimi ni katibu wa chama cha ushirika. Tumesikia kuna muswada unaotuhusu. Tupeleke wapi maoni yetu, na lini? Mara ya mwisho tuliandika, tukaambiwa tumechelewa. (Katibu, Mbinga)

Ndugu Katibu, huenda mliandika muswada ukiwa umeshafika hatua ambayo hakuna anayeweza kuugusa. Hatua zenyewe ni hizi.

Muswada unachapishwa kwanza kwenye Gazeti la Serikali. Ukifika Bungeni unasomwa mara ya kwanza, na kusomwa huko ni Katibu wa Bunge kutaja jina la muswada tu, hakuna mjadala. Watu wengi wakisikia "umesomwa mara ya kwanza" hudhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza mlango unafunguliwa. Spika anaupeleka kwenye Kamati inayohusika, na Kamati hualika wadau watoe maoni kwa kufika au kwa maandishi. Dirisha lenu ni hilo, na huwa fupi. Kama muswada umekuja kwa hati ya dharura iliyosainiwa na Rais, huwa fupi zaidi, pengine siku chache. Anayesubiri tangazo limkute nyumbani hachelewi kwa bahati mbaya.

Baada ya Kamati unakuja kusomwa mara ya pili: Waziri anaeleza, Kamati inatoa taarifa, wabunge wanajadili misingi yake. Halafu Kamati ya Bunge Zima, ambako ibara zinapitiwa moja moja. Mabadiliko hapo yanaletwa kwa jedwali la maandishi lililowasilishwa kabla, si kwa mtu kusimama na wazo jipya. Hiyo ndiyo nafasi yenu ya pili na ya mwisho, nanyi mtaipata kupitia mbunge aliyekubali kubeba jedwali lenu. Kusomwa mara ya tatu ni kuhitimisha.

Maoni yaandikiwe Katibu wa Bunge, yakitaja Kamati na jina kamili la muswada. Kurasa mbili zinatosha. Malalamiko ya jumla kama "sheria hii inakandamiza wakulima" hayana pa kuingizwa. Kinachofanyiwa kazi ni namba ya ibara, kasoro yake, maneno mbadala, na sababu kwa sentensi mbili. Chukua mfano muswada unaosema: "Mrajisi anaweza kufuta usajili wa chama." Msiandike kwamba mnapinga. Andikeni kwamba mnapendekeza isomeke: "Mrajisi anaweza kufuta usajili wa chama baada ya kukipa notisi ya maandishi ya siku thelathini na kusikiliza utetezi wake." Mjumbe wa Kamati ataona mara moja mnachotaka, na mwandishi wa sheria hatahangaika kubuni maneno. Angalieni pia vitenzi: "anaweza" ni hiari ya mkubwa, "atatoa" ni wajibu wake. Vyama vingi vimefurahia ibara ya "Waziri anaweza kutoa ruzuku" bila kugundua kwamba hakuna ruzuku iliyoahidiwa.

Tahadhari ya muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali. Huo hugusa sheria nyingi kwa mkupuo, na jina lake halitaji hata moja. Badiliko linalowahusu linaweza kuwa limejificha katikati, baada ya sheria ambazo hazina habari na ushirika. Fungueni yaliyomo, msiishie kwenye jalada. Kwa bahati nzuri, tangu mwaka 2021 lugha ya sheria ni Kiswahili, kwa hiyo kisingizio cha Kiingereza kinazidi kupungua.

Na hata muswada ukipita na kusainiwa, kazi haijaisha. Sheria inaweza kusema itaanza kutumika tarehe ambayo Waziri ataitangaza kwenye Gazeti la Serikali, na mambo yanayowauma zaidi, kama ada, fomu na muda wa kuwasilisha hesabu, mara nyingi hayamo kwenye sheria bali kwenye kanuni atakazotunga Waziri baadaye. Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo kwa ajili ya kuzipitia kanuni hizo. Wadau ni wachache mno wanaoikumbuka.

Kwa nini kwenye televisheni viti vya Bunge huwa vitupu, na bado mambo yanapitishwa? (Msomaji, Moshi)

Akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge inayotakiwa kuwepo, ni nusu ya wabunge wote, lakini inadaiwa wakati wa kufanya uamuzi, si muda wote wa mjadala. Kwa hiyo kuchangia mbele ya viti vitupu ni halali kabisa, japo hakupendezi. Wakati wa kuamua ukifika, mbunge yeyote anaweza kumjulisha Spika kwamba akidi haijatimia. Spika akiridhika anasimamisha shughuli kwa muda na kuagiza kengele zipigwe ili walio kantini na kwenye korido waingie. Asiposimama mtu, "Wanaoafiki waseme ndiyo" inaendelea. Ukiona mbunge wa kambi yenye wachache anahesabu vichwa, ujue anajiandaa kuitumia kanuni hiyo.

Makosa ya kutohudhuria ni jambo jingine. Mbunge akikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika anapoteza ubunge. Lakini mkutano si kikao: mkutano mmoja unaweza kuwa na vikao vya wiki kadhaa, na ule wa bajeti huanza Aprili ukamalizika Juni. Mtoro wa vikao anaweza kudumu miaka mitano.

Mwalimu wetu wa uraia anasema Rais ni sehemu ya Bunge. Mbona haketi humo? Na akikataa kusaini muswada inakuwaje? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Iringa)

Mwalimu yuko sahihi. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais, na wabunge. Rais si mbunge na hapigi kura ukumbini, ila muswada hauwi sheria mpaka sehemu zote mbili zimekubali. Kusimamia Serikali, hata hivyo, ibara ya 63 imekuweka mikononi mwa sehemu ya pili peke yake, yaani wabunge. Kwenye mtihani tenganisha hayo mawili, watahiniwa huyachanganya.

Rais asiporidhika na muswada anaurudisha pamoja na maelezo ya sababu. Hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita, isipokuwa umeungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Zingatia "wote": si theluthi mbili ya waliofika siku hiyo. Ukimfikia mara ya pili kwa njia hiyo kabla ya miezi sita, anatakiwa akubali ndani ya siku 21, la sivyo alivunje Bunge, na Bunge likivunjwa unafuata uchaguzi, ambao humgusa na yeye mwenyewe. Kila upande una kisu, na kila kisu kina makali pande mbili. Hali ni hiyo hiyo kwa bajeti: Bunge likikataa kuipitisha, Rais anapata haki ya kulivunja. Mbunge anayefikiria kusema "hapana" anajua kwamba kura hiyo yaweza kumrudisha jimboni kabla ya wakati, tena kwa bajeti anaitwa jina lake na kujibu kwa sauti, kila mtu akisikia.

Bunge linaweza kumfukuza Waziri? (Msomaji, Tanga)

Waziri mmoja mmoja, hapana. Aliyemteua ni Rais na wa kumwondoa ni Rais. Bunge linaweza kupitisha azimio la kumshauri, kumhoji kwenye Kamati, kumbana kwa maswali mpaka ajichokee. Waziri Mkuu ni tofauti, maana hata kuteuliwa kwake kunahitaji kuthibitishwa na wabunge. Ibara ya 53A inaruhusu hoja ya kutokuwa na imani naye, ikiwa imesainiwa na asilimia 20 ya wabunge wote na kufikishwa kwa Spika siku 14 kabla. Ikipita, Waziri Mkuu anajiuzulu ndani ya siku mbili.

Siku hizo 14 ndizo zinazoua hoja. Aprili 2012 wabunge walikusanya sahihi dhidi ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, lakini mkutano ulikuwa ukingoni na muda wa taarifa haukuwepo, hoja haikufika ukumbini. Hata hivyo mwezi uliofuata Rais Jakaya Kikwete alibadili Baraza la Mawaziri. Njia ya uchunguzi iliwahi kuwa na nguvu zaidi: Februari 2008, Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya taarifa ya Kamati Teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, mwenyekiti wake akiwa Dk. Harrison Mwakyembe. Hakuna kura ya kutokuwa na imani iliyopigwa. Taarifa ilisomwa, ikatosha.

Viti maalum vinagawanywaje? (Msomaji, Zanzibar)

Wanawake wa viti maalum hawapungui asilimia 30 ya wabunge wengine wote. Vyama vinavigawana kwa uwiano wa kura za ubunge, na chama sharti kiwe kimepata angalau asilimia tano ya kura zote halali za wabunge. Wewe wa Zanzibar utapenda kujua pia kwamba wajumbe watano wanatoka Baraza la Wawakilishi. Wengine ni Mwanasheria Mkuu, wateuliwa wa Rais wasiozidi kumi, na Spika, kama hakuchaguliwa kutoka miongoni mwa wabunge.

Mbunge aliahidi barabara ya lami. Mwaka wa nne huu, kila akiuliza Bungeni anajibiwa vizuri, na barabara ni ile ile ya vumbi. Nani anatudanganya? (Wazee wa kijiji, Mpanda)

Shikamooni wazee wetu. Huenda hakuna aliyewadanganya, ila mlijibiwa kwa lugha inayohitaji mkalimani. Mbunge hajengi barabara na hana fungu lake la lami. Mfuko wa jimbo upo na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yake, lakini ni wa kuchochea miradi midogo: mabati ya darasa, saruji ya zahanati. Barabara iko TANROADS, wakala wa barabara kuu, kama ni kuu au ya mkoa, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kama ni ya wilaya. Jueni kwanza yenu ni ya nani, maana swali lililopelekwa wizara isiyohusika hurudi na jibu la adabu lisilo na kitu ndani.

Kisha yapangeni majibu ya Serikali kwa ngazi. "Inafanyiwa upembuzi yakinifu" maana yake wanaangalia kama inafaa kujengwa. "Usanifu wa kina umekamilika" maana yake michoro ipo. "Serikali inatafuta fedha" ndipo barabara nyingi hulala miaka. "Zabuni imetangazwa" ni hatua ya kweli, na "mkandarasi yuko eneo la mradi" mnaweza kwenda kumwona kwa macho yenu. Maneno "itajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana" hayamo kwenye ngazi yoyote. Chukueni majibu yote manne, moja kwa kila mwaka. Hansard zinapatikana kwenye tovuti ya Bunge, kijana yeyote mwenye simu atawafungulia. Kama neno limebaki lile lile, barabara haijasogea, hata kama kila jibu lilimalizika na neno "(Makofi)".

Hatua ya mwisho ni vitabu vya makadirio vya Wizara ya Fedha. Miradi ya maendeleo iko Kitabu cha Nne. Tafuteni jina la barabara yenu na tarakimu iliyo mbele yake. Isipokuwemo, hakuna fedha mwaka huo, hata jibu liwe tamu namna gani. Ikiwemo, muulizeni mbunge swali la pili, ambalo wengi hawaulizi: kati ya hizo zilizotengwa, zimetolewa ngapi mpaka mwezi uliopita? Fedha kutengwa ni jambo moja, Hazina kuzitoa ni jambo jingine. Mbunge ana haki ya maswali mawili ya nyongeza baada ya swali lake la msingi. Mwambieni moja alitumie hapo.